Leader Stirling: daktari wa Mnero na swali la nani anasoma utafiti wa tiba

Leader Dominic Stirling alikuwa daktari wa upasuaji aliyezaliwa Uingereza na kufariki akiwa raia wa Tanzania. Alitibu wagonjwa kusini mwa nchi kwa karibu miaka 30, akakaa bungeni kwa zaidi ya miaka 20, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Julius Nyerere. Miaka 15 ya maisha yake aliitumia Mnero, katika wilaya ya Nachingwea.

Maisha yake yanasaidia kuelewa mjadala unaowahusu leo madaktari, watafiti na serikali nyingi: je, matokeo ya utafiti wa tiba yawe wazi kwa kila anayeyahitaji, au yabaki katika majarida ya kulipia? Daktari wa hospitali kubwa ya Ulaya hulipiwa majarida hayo na chuo kikuu chake. Tabibu wa zahanati ya Nachingwea au Ruangwa hana wa kumlipia, na makala moja inayouzwa kwa dola 30 au 40 ni gharama kubwa mno kutoa mfukoni kwa ajili ya kurasa chache.

Wakati wa Stirling mjadala huo haukuwa na jina, lakini shida yenyewe ilikuwepo, na aliishi nayo tangu siku za mwanzo za kazi yake.

Kutoka London hadi Lulindi

Stirling alizaliwa tarehe 19 Januari 1906 huko Finchley, kaskazini mwa London. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 29, alijiunga na misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi cha UMCA na kupelekwa Tanganyika, katika dayosisi ya Masasi. Kituo chake kilikuwa Lulindi.

Hospitali aliyoikuta haikufanana na zile alizojifunzia. Majengo yalikuwa ya udongo na kuezekwa kwa nyasi. Upasuaji ulifanyika humo humo, kwa vifaa vichache na kwa taa za mafuta. Wagonjwa walikuja kwa miguu au wamebebwa na ndugu zao kwenye vitanda vya kamba. Magonjwa yalikuwa malaria, buba, ukoma, minyoo, vidonda ndugu, ngiri, na matatizo ya uzazi ambayo mara nyingi yalifika hospitalini yakiwa yamechelewa.

Daktari aliyefanya kazi mahali kama Lulindi katika miaka hiyo alitegemea mambo matatu: alichokumbuka kutoka chuoni, vitabu vichache alivyokuja navyo, na uzoefu wa mikono yake. Majarida ya tiba yalichapishwa London, yakasafiri kwa meli, na yakamfikia aliyeyalipia tu. Na hiyo ilikuwa miaka ambayo tiba ilibadilika kwa kasi kuliko wakati wowote uliotangulia. Dawa za salfa zilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930. Penisilini ilianza kutengenezwa kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baadaye ikaonekana kuwa sindano moja inaweza kuponya buba. Dapsoni, dawa ya vidonge dhidi ya ukoma, ilichukua nafasi ya sindano chungu za mafuta ya chaulmugra kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kila moja ya hatua hizo ilianza kama taarifa iliyoandikwa katika jarida. Mgonjwa wa ukoma wa kusini mwa Tanganyika hakuhitaji kulisoma jarida hilo. Alichohitaji ni kwamba mtu anayemtibu awe amelisoma, au awe amefundishwa na aliyelisoma. Pale mnyororo huo ulipokatika, mgonjwa aliendelea kutibiwa kwa njia ya zamani.

Stirling aliona kwamba daktari mmoja hatoshi, hata akiwa hodari namna gani. Jibu lake lilikuwa kufundisha. Huko Lulindi alijishughulisha na mafunzo ya wauguzi wa Kitanganyika, jambo ambalo baadhi ya wakoloni waliliona la mapema mno. Kwa lugha ya leo, alikuwa akiyatoa maarifa katika kichwa cha mtu mmoja na kuyaweka mahali ambapo wengi wangeweza kuyatumia.

Mwaka 1947 alichapisha kitabu cha kumbukumbu za kazi yake, Bush Doctor, jina linalomaanisha daktari wa porini. Miaka 30 baadaye, mwaka 1977, alitoa kingine chenye jina Tanzanian Doctor, yaani daktari Mtanzania. Majina hayo mawili yanaonyesha umbali aliotembea.

Mnero, wakati wa karanga

Mwaka 1949 Stirling aliingia Kanisa Katoliki. Uamuzi huo ulimaliza kazi yake chini ya misheni ya Kianglikana, lakini hakuondoka kusini. Alihamia Mnero, misheni ya Wabenediktini, akaendelea na kazi ya kuijenga hospitali ya hapo hadi 1964.

Alifika Nachingwea wakati wa pekee. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikiendesha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga, ulioanza 1947, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani. Hadi 1951 mpango ulikuwa umeshindwa, baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inajulikana na kila aliyeusoma mkasa huo: maamuzi yalifanywa bila kuujua vizuri udongo na mvua ya mahali husika. Waliojua hawakuulizwa, na takwimu za kutosha hazikukusanywa.

Hospitali ya Mnero ilifuata njia tofauti. Ilikua polepole, kwa kuangalia wagonjwa wanaokuja wanaumwa nini na wanatoka wapi. Eneo lililoihitaji ni kubwa. Ruangwa, ambayo leo ni wilaya kamili, wakati huo haikuwa bado wilaya. Barabara zilikatika masika. Kwa mama mwenye uchungu pingamizi, tofauti kati ya kuwa na hospitali Mnero na kutokuwa nayo ilikuwa ya kufa na kupona. Nusu karne baadaye jambo hilo lilikuja kupimwa kwa takwimu, kama tutakavyoona.

Ugonjwa uliopata jina kwa Kimakonde

Stirling akiwa Mnero, mlipuko wa homa isiyojulikana uliikumba nyanda ya juu ya Makonde, upande wa Newala, mwaka 1952 na 1953. Watu walipata homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo yaliyowafanya wajikunje. Wenyeji waliupa ugonjwa jina la Kimakonde linaloeleza kujikunja huko: chikungunya.

Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, na W. H. R. Lumsden akaeleza namna ulivyoenea. Lumsden aliangalia pia maisha ya nyanda hiyo, ambako maji ni haba na watu huyahifadhi nyumbani, na humo mbu huzaliana. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955 katika jarida la chama cha wataalamu wa tiba ya nchi za joto, London. Sampuli zilichunguzwa Entebbe, Uganda, ambako R. W. Ross alithibitisha kuwa ni virusi. Matokeo yake yalitoka 1956 katika jarida jingine la Uingereza.

Kwa hiyo ugonjwa uliouguliwa na watu wa Newala na kupewa jina na watu wa Newala uliingia katika maktaba za dunia. Lakini muuguzi wa Newala, aliyewahudumia wagonjwa hao, hakuwa na njia rahisi ya kusoma kilichoandikwa kuwahusu. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu na Mombasa nchini Kenya, kisha ikavuka bahari hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Katika kisiwa cha Réunion zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliambukizwa. Ghafla maandishi ya miaka ya 1950 yakawa ya lazima. Makala ya Ross sasa inasomwa bure kwenye intaneti, kwa sababu matoleo ya zamani ya jarida lake yaliwekwa katika hifadhi ya wazi. Mtu mwenye simu Newala anaweza kuifungua.

Mfano wa Liberia unaonyesha hatari ya upande wa pili. Mwaka 1982 watafiti kutoka Ujerumani walichapisha katika jarida la Ulaya ushahidi kwamba baadhi ya Waliberia walikuwa na kinga ya mwili dhidi ya Ebola, na wakashauri Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Mlipuko mkubwa ulipotokea 2014, maofisa wa afya wa Liberia hawakuwa na habari ya onyo hilo. Mwaka 2015 Bernice Dahn, aliyekuwa kiongozi wa juu wa wizara ya afya ya Liberia, pamoja na wenzake wawili walieleza hadharani kwamba kuipata makala hiyo kuligharimu dola 45, fedha inayokaribia nusu ya mshahara wa wiki wa daktari nchini humo. Damu iliyopimwa ilikuwa ya Waliberia, ila matokeo yalikaa mbali nao kwa zaidi ya miaka 30.

Kura tatu, Bunge na redio

Stirling aliingia siasa akiwa bado Mnero. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU iliamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Katika uchaguzi huo wa 1958 na 1959 Stirling aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Baada ya uhuru alichukua uraia, na aliendelea kuwa bungeni hadi 1980. Alijulikana pia kwa kuongoza harakati za skauti nchini.

Kuanzia 1964 hadi 1969 alifanya kazi katika hospitali ya Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Bungeni alibaki na sauti ya mtu aliyefanya kazi vijijini.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Kwa wiki 12 walisikiliza vipindi, wakasoma vijitabu vya Kiswahili, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufukia madimbwi na kusafisha vyanzo vya maji. Maarifa yaliyotolewa hayakuwa mapya kwa wataalamu. Upya wake ni kwamba yalitoka kwa wataalamu yakawafikia watu, bila ada, kwa lugha wanayoielewa, na kwa namna iliyowaruhusu kuuliza maswali.

Wizara ya Afya na kuzaliwa kwa NIMR

Mwaka 1975 Nyerere alimteua Stirling kuwa Waziri wa Afya. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa na ya kusambaza zahanati na vituo vya afya. Mwezi Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti, na kukubaliana kuwa huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikia wote. Tanzania ilikuwa tayari ikiifuata njia hiyo.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Pamoja na reli na shirika la ndege, jumuiya hiyo ilikuwa na vituo vya pamoja vya utafiti wa tiba, vikiwemo Amani mkoani Tanga kwa ajili ya malaria, na Mwanza. Kila nchi ilibaki na vituo vilivyokuwa ndani ya mipaka yake, bila chombo cha kuviunganisha.

Jibu lilikuja Stirling akiwa waziri. Sheria namba 23 ya mwaka 1979 ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inayojulikana zaidi kama NIMR. Taasisi hiyo ilipewa kazi ya kufanya na kusimamia utafiti. Ilipewa pia kazi ya kuandikisha matokeo ya utafiti wa tiba unaofanywa nchini na kuhimiza yatumike kuboresha afya. Kifungu hicho kina uzito. Kinasema, kwa maana yake, kwamba utafiti haumaliziki pale unapochapishwa, na kwamba taifa lina haki ya kujua kilichogunduliwa katika ardhi yake.

Baadaye NIMR ilianzisha jarida lake lenyewe, ambalo leo linaitwa Tanzania Journal of Health Research, na makala zake husomwa bila malipo.

Katika miaka hiyo hiyo kitabu kimoja kilikuwa kikizunguka dunia. David Werner, Mmarekani aliyefanya kazi na wanavijiji wa milima ya Mexico, alikuwa ameandika mwongozo wa tiba kwa watu wasio na daktari. Waliouchapisha waliruhusu mtu yeyote kunakili au kutafsiri sehemu zake, mradi asiuze kwa faida. Kwa Kiswahili ulitoka kama Mahali Pasipo na Daktari, na nakala zake zilichakaa katika zahanati na nyumba za walimu kwa sababu ya kusomwa. Ni mfano wa mapema wa machapisho huria, kabla ya intaneti kuwafikia watu.

Mlango unafunguliwa

Stirling alifariki tarehe 7 Februari 2003, akiwa na umri wa miaka 97. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mambo mawili yalikuwa yametokea ambayo yangemfurahisha daktari yeyote aliyewahi kungoja meli ilete jarida.

Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mwezi uliofuata, Februari 2002, kundi la wanataaluma lilitoa azimio la Budapest, lililotaka makala za utafiti ziwe huru kusomwa, kunakiliwa na kusambazwa na yeyote kupitia intaneti. Tangu hapo wafadhili wengi wameweka sharti kwamba utafiti waliolipia uwe wazi.

Tofauti kati ya njia hizo mbili ni muhimu. Hinari ni kama funguo za kuazima: anayezipewa ni taasisi iliyosajiliwa, na zinaweza kuondolewa nchi inapohesabiwa kuwa imetajirika. Machapisho huria hayana kufuli kabisa.

Takwimu za Nachingwea na Ruangwa

Nachingwea na Ruangwa zina sababu ya pekee ya kuujali mjadala huu, kwa kuwa watu wake wamekuwa chanzo cha utafiti mkubwa. Kuanzia 2004 watafiti wa Ifakara, wakishirikiana na Chuo cha Usafi na Tiba ya Nchi za Joto cha London, walifanya kazi katika wilaya tano: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Mwaka huo walitembelea kaya zaidi ya 20,000, wakiandika majibu kwenye kompyuta ndogo za mkononi. Walikuwa wakiandaa majaribio ya kuwapa watoto wachanga dawa ya kuzuia malaria wakati wa chanjo zao za kawaida.

Mwaka 2007 walifanya sensa kubwa zaidi, ya kaya zipatazo 226,000. Waliuliza kuhusu kila mwanamke aliyefariki akiwa mjamzito au muda mfupi baada ya kujifungua, kisha wakalinganisha vifo na umbali wa nyumba hadi hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika The Lancet Global Health, jarida lililo wazi kwa wasomaji wote. Kwa vifo vinavyotokana moja kwa moja na uzazi, kama kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba au uchungu pingamizi, wanawake walioishi zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali walikuwa na kiwango kinachokaribia mara nne ya kile cha walioishi ndani ya kilomita 5.

Kwa mwananchi hilo si jambo la kushangaza; anajua umbali unaua. Lakini takwimu ina kazi nyingine. Mganga mkuu wa wilaya anapoomba gari la wagonjwa, diwani anapotetea kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, au mbunge anapozungumzia bajeti, makala hiyo ni ushahidi mkononi. Ingekuwa imefungwa, hoja yao ingebaki kuwa malalamiko.

Utafiti wa tatu unafundisha zaidi. Kuanzia 2010, katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, zikiwemo Nachingwea na Ruangwa, mamia ya wanawake wa kujitolea walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi majumbani. Waliwashauri kujifungulia katika kituo cha afya, kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee, kuwa safi na kumpa mtoto joto. Matokeo yalichapishwa 2015 katika PLoS Medicine, jarida huria. Baadhi ya mienendo iliboreka, hasa unyonyeshaji. Lakini hapakuwa na ushahidi kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua.

Matokeo ya namna hiyo ndiyo hupotea kwa urahisi zaidi pale utafiti unapofungiwa, kwa sababu hayana sifa ya kutangazwa. Hata hivyo yana thamani. Yanaiambia wilaya kwamba ushauri wa nyumbani ni mzuri lakini hautoshi, na kwamba mama akishafika kwenye kituo, lazima akute mkunga, dawa, damu na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua. Mradi mwingine ukija kesho na pendekezo lile lile, viongozi wa Ruangwa wana haki ya kusema: hili lilishajaribiwa hapa, tuonyesheni mmebadilisha nini.

Vizuizi vilivyobaki

Kuondoa bei ya kusoma hakujaondoa vizuizi vyote. Cha kwanza ni bei ya kuchapisha. Majarida mengi huria humtoza mwandishi, na ada huweza kuzidi dola 2,000. Wachapishaji hutoa msamaha kwa nchi maskini, lakini misamaha hiyo hutegemea makundi ya kipato, na Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuingia kipato cha kati ngazi ya chini. Mtafiti asiye na mfadhili anaweza kujikuta na matokeo mazuri na hana mahali pa kuyatoa.

Cha pili ni majarida ya kitapeli, yanayochukua ada na kuchapisha chochote bila ukaguzi. Uwazi bila ukaguzi unaweza kumdhuru mgonjwa kama vile ukosefu wa habari.

Cha tatu ni lugha na muda. Makala zote zilizotajwa hapa kuhusu Nachingwea na Ruangwa ziliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Tabibu mwenye foleni ya wagonjwa asubuhi nzima hana nafasi ya kuzichambua. Kinachomfikia kwa uhakika ni mwongozo wa matibabu wa taifa, mafunzo kazini na usimamizi wa wilaya. Hivyo uwazi wa makala huwanufaisha kwanza wale wanaoandika miongozo, wanaofundisha vyuoni na wanaopanga bajeti. Kutoka kwao hadi zahanati bado kuna safari, na safari hiyo haijiendeshi yenyewe.

Hapo ndipo kazi ya Stirling inabaki na maana. Katika miaka yake ya Lulindi na Mnero hakuwa na uwezo wa kuyafungua majarida ya London. Alichoweza ni kuhakikisha kwamba alichokijua yeye kinajulikana pia na muuguzi aliye pembeni yake. Akiwa waziri, serikali aliyoitumikia iliweka kisheria kwamba utafiti unaofanywa Tanzania uandikishwe na utumike Tanzania.

Sasa makala zipo wazi, na hospitali ya Mnero bado inapokea wagonjwa. Kilichobaki ni kuyaleta matokeo hayo kwa Kiswahili katika vikao vya kamati za afya za vijiji, ili akina mama waliojibu maswali ya sensa ya 2007 katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa waambiwe majibu yao yalionyesha nini, na waulizwe kipi kifanyike kwanza.